Sungura Wachanga Katika Nyumba Mpya: Namna ya Kuwasaidia Wazoee

Mara nyingi hutokea hivi. Mtoto wa shule hununua sungura wawili wachanga kwa fedha alizoziweka akiba miezi mingi. Huwaleta nyumbani jioni ndani ya boksi, na watoto wote wa jirani humfuata. Kila mmoja ataka kuwashika. Sungura hupokezanwa mkono kwa mkono, kisha hupewa kabichi tele, na giza liingiapo hutiwa katika sanduku kuukuu nyuma ya jiko. Siku ya tatu mmoja amejikunyata pembeni, hali wala hanywi. Siku ya tano amekufa, na kabla ya juma kwisha wa pili amemfuata. Mtoto hulia, na watu wazima husema kwamba sungura ni wanyama wasio na bahati, au kwamba hewa ya mahali pale haiwafai.

Lakini bahati haimo katika jambo hili, na mara nyingi hewa nayo haina kosa. Sungura wale walikufa kwa hofu, kwa baridi, na kwa chakula kilichobadilishwa ghafula. Mambo hayo yote matatu yaweza kuzuiwa bila gharama kubwa. Majuma mawili ya kwanza ndiyo yenye hatari kuliko yote, na mfugaji ayajuaye yampasayo katika siku hizo huwa ameipita sehemu ngumu ya kazi yake.

SUNGURA WA KUFUGWA SI YULE WA MWITUNI

Ili kufahamu sababu ya mashauri haya, yafaa kwanza kumjua mnyama mwenyewe. Sungura wa hadithi, yule mjanja amshindaye fisi kwa maneno, ni sungura wa mwituni wa Afrika. Yeye hachimbi shimo. Hulala juu ya ardhi katikati ya nyasi, na watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho yaliyofumbuka. Akitishwa hutegemea mbio zake.

Sungura wa kufugwa ni wa jamii nyingine. Asili yake ni sehemu za Uhispania na Ureno, na wale wote wanaofugwa leo katika Kenya, wawe weupe, weusi au wa kijivu, ni wa kizazi hicho. Mababu zao waliishi kwa makundi ndani ya mashimo waliyoyachimba wenyewe. Watoto wao huzaliwa uchi na vipofu, na macho yao hufumbuka wapatapo siku 10 hivi. Akitishwa, sungura huyu hategemei mbio za mbali. Hukimbilia shimo lake.

Tofauti hiyo yaeleza mambo mengi. Sungura wa kufugwa aliyewekwa mahali peupe pasipo pa kujificha huona kwamba amenyimwa ulinzi wake wote. Macho yake yako kando ya kichwa, apate kuona karibu pande zote na hata juu, kwa maana adui zake hutoka ardhini na angani pia. Kwa hiyo mkono ushukao ghafula kutoka juu kwake ni kama kucha za mwewe. Tena sungura hana sauti kubwa ya kulalamika. Anapoogopa hutulia kimya asitikisike, na mtu asiyemjua hudhani kwamba amependezwa.

Hofu hiyo huingia mpaka tumboni. Matumbo ya sungura hufanya kazi daima, na yapasa chakula kipite ndani yake mchana na usiku. Sungura aliyeogopa huacha kula. Aachapo kula matumbo husimama. Na matumbo yakisimama hewa hujaa na kumletea maumivu, hata hatamani tena kula. Kwa sungura mchanga, usiku mmoja wa namna hiyo waweza kuwa mwanzo wa kifo.

NYUMBA IWE TAYARI KABLA YA SUNGURA KUFIKA

Kosa la kwanza ni kuleta sungura kabla ya nyumba. Banda na lijengwe kwanza, likauke rangi yake ikiwa limepakwa, kisha ndipo sungura watafutwe.

Banda la sungura wawili lisipungue urefu wa futi 6, upana wa futi 2 na kimo cha futi 2. Hapo sungura aliyekua ataweza kuruka mara tatu kutoka upande huu mpaka ule, na kusimama kwa miguu ya nyuma bila kugonga kichwa. Liinuliwe juu ya miguu yapata futi 3 kutoka ardhini. Theluthi moja ya banda iwe chumba cha mbao kilichozibwa pande zote, chenye mlango mdogo wa sungura kupitia. Hicho ndicho kitakachokuwa shimo lake. Sehemu iliyobaki iwe na wavu wa waya mbele ili hewa na mwanga viingie.

Matundu ya wavu yasizidi nusu inchi, kwa maana panya na nyoka wadogo hupita katika wavu wenye matundu makubwa. Ule wavu mwembamba wa kuku hautoshi, kwani mbwa huurarua kwa meno. Sakafu yote isiwe ya waya mtupu, maana waya huumiza nyayo za sungura mpaka zikafanya vidonda. Pawepo sehemu kubwa ya mbao iliyotandikwa majani makavu. Paa litokeze mbele yapata futi moja ili mvua isiingie, na ikiwa ni la mabati, liwekewe nyasi au makuti juu yake lisiwachome sungura wakati wa jua kali.

Mahali pa kuliweka banda pachaguliwe kwa akili. Mgongo wake uelekee upande utokako upepo na mvua. Jua la asubuhi lafaa, bali la adhuhuri na la alasiri halifai, basi chini ya mti wenye kivuli ni pazuri. Pasiwe karibu na jiko lenye moshi, wala na mahali mbwa afungwapo.

Kuna adui mmoja ambaye wafugaji wapya humsahau, naye ni siafu. Jeshi la siafu likipanda bandani usiku, sungura waliofungiwa hawana njia ya kutoroka, na asubuhi hukutwa wamekufa. Njia ya kuwazuia ni rahisi. Kila mguu wa banda na usimamishwe ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya gari, na majani marefu yaliyo kando yakatwe yasiguse banda wala kuwa daraja la siafu. Wengine pia hunyunyiza jivu kuzunguka banda, nalo husaidia maadamu mvua haijalilowesha. Siafu si maadui peke yao. Nguchiro, kanu, paka na mbwa wote hupenda nyama ya sungura, basi mlango uwe na komeo imara, wala si kamba iliyofungwa kwa msumari.

UMRI NA UCHAGUZI

Wauzaji wengine huuza watoto wa sungura wangali na majuma manne tu, kwa sababu wakati huo ni wadogo na wanapendeza. Mnunuzi asikubali. Watoto hao wamekwisha kuanza kula majani, lakini matumbo yao hayajapata nguvu, na maziwa ya mama bado ni kinga yao. Ni afadhali kungoja mpaka wafike majuma 8.

Sungura mzima huwa na macho makavu yenye kung'aa, pua isiyotoa kamasi, masikio safi ndani, na manyoya makavu chini ya mkia. Akiwa na uchafu uliogandamana mkiani, huenda anaharisha, na hapana haja ya kumchukua. Yafaa kuchukua wawili wa tumbo moja kuliko mmoja peke yake. Sungura aliyezoea kulala akiwa amebanana na ndugu zake huona ukiwa mkubwa sana akitengwa na wote siku moja, na wawili hupeana joto na moyo. Majike wawili wa tumbo moja ndio wapatanao vizuri zaidi.

Kabla ya kuondoka, mnunuzi amwulize muuzaji maswali mawili: sungura hawa wamezoea kula nini, na hunywa maji katika chombo gani? Kisha aombe kiasi cha chakula hichohicho cha siku 7, na konzi mbili za majani waliyolalia. Majani hayo huonekana kama takataka, lakini yana harufu ya nyumbani kwao, na yakitandikwa katika banda jipya huwatuliza kuliko kitu chochote cha kununuliwa.

SAFARI

Sungura wasafirishwe wakati wa ubaridi, yaani asubuhi na mapema au jua lipunguapo ukali. Wawekwe katika boksi imara lililotobolewa matundu ya hewa na kutandikwa majani makavu. Lisiwe kubwa mno, maana watatupwa huku na huku gari linapoyumba. Gunia halifai, na kuwafunga miguu kama kuku ni ukatili. Mtu asafiriye kwa matatu aliweke boksi mapajani au chini ya kiti penye hewa, wala asilifunge juu ya paa juani. Akipanda baiskeli au boda boda, alishike mbele yake na kulifunika kwa kitambaa chepesi, ili sungura wasione mambo yote yapitayo mbio. Safari ikizidi saa mbili, asimame mahali pa kivuli na kuwapa maji na majani kidogo.

SIKU YA KWANZA NI SIKU YA KIMYA

Ni afadhali wafike kungali mchana, wapate saa kadha za mwanga kuijua nyumba yao kabla ya usiku. Wakifika, boksi liwekwe ndani ya banda, lifunguliwe na kuachwa. Watoke wenyewe wapendapo. Hapana haja ya kuwatoa kwa mkono. Ndani wayakute maji safi, majani makavu mengi, na chakula kilekile walichokula kwa muuzaji. Kabichi, karoti na zawadi nyingine zote na zingoje.

Kisha nusu ya wavu wa mbele ifunikwe kwa gunia, wapate upande wa giza na upande wa mwanga. Na watu wote waondoke. Hili ndilo jambo gumu kuliko yote, hasa kwa watoto ambao wamengoja siku hii kwa hamu. Lakini yafaa waelezwe sababu yake. Mtoto anayefahamu kwamba mkono wake kwa sungura mgeni ni kama kucha za mwewe, huweza kuvumilia siku mbili tatu. Anaweza kupewa kazi nyingine ya heshima, kama vile kulilinda banda mbwa wasilikaribie, au kwenda kukata majani ya kesho.

Si ajabu sungura wakijificha chumbani mchana kutwa. Huenda hata wakapiga sakafu kwa mguu wa nyuma. Huo ndio mlio wao wa hatari, ambao mababu zao waliutumia kuwaonya wenzao walio chini ya ardhi. Asiwepo wa kuwachungulia wala wa kuwafukuza watoke. Wanyama hawa huamka hasa alfajiri na wakati wa magharibi, na saa hizo ndipo watakapoanza kutoka kunusa nyumba yao.

USIKU WA KWANZA

Sungura mkubwa aliyezoea nje huvumilia baridi vizuri kuliko joto. Lakini mchanga aliyetoka kubanana na ndugu sita au saba si vivyo hivyo. Katika nchi za juu kama Limuru, Kinangop au Molo, ambako usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali, chumba cha kulala na kijazwe majani makavu mpaka nusu ya kimo chake, ili wajichimbie ndani yake. Gunia lishushwe mbele ya wavu, lakini nafasi iachwe juu ili hewa ipite, kwa maana hewa nzito yenye harufu ya mkojo huharibu mapafu yao. Jiko la makaa lisiwekwe karibu kabisa. Moshi wake na hewa yake yenye sumu huua upesi kuliko baridi. Ikiwa sungura walilelewa ndani ya nyumba ya watu, wasitolewe nje mara moja wakati wa baridi. Wazoezwe kidogo kidogo, mchana wakae nje na usiku warudishwe ndani, kwa muda wa juma moja.

Pwani, na katika sehemu kama Kisumu na Garissa, taabu ni ya namna nyingine. Sungura hatoki jasho kama mtu. Joto la mwili wake hutokea zaidi masikioni, na hewa ifikapo yapata digrii 30 za Selsiasi huanza kuteseka. Dalili zake ni kuhema upesi, kujinyoosha sakafuni na masikio kuwa ya moto. Huyo apelekwe kivulini mara moja, apewe maji, na masikio yake yaloweshwe kwa maji ya ubaridi wa kiasi. Asitumbukizwe majini, maana mshtuko waweza kumwua. Siku za joto kali, gunia lililoloweshwa maji na kutundikwa upande utokako upepo huleta ubaridi mwingi bandani bila gharama.

KUANZA URAFIKI

Siku ya pili na ya tatu, mwenye sungura aje kwa wakati uleule, asubuhi na jioni. Aje polepole, aseme kwa sauti ya chini kabla ya kufungua, abadilishe maji, aweke majani, kisha aketi karibu dakika 10 bila kuwagusa. Sungura hujifunza upesi kwamba mlio wa nyayo hizo na sauti ile huleta chakula. Mara nyingi ifikapo siku ya nne au ya tano mmoja wao huja mbele kunusa.

Hapo ndipo mkono uingizwe, ukiwa chini sakafuni wala si juu ya kichwa chake, ukishika jani moja. Akilichukua na kukimbia, basi na akimbie. Kesho atalila papo hapo. Akikubali kuguswa, apapaswe paji la uso na nyuma ya masikio. Sehemu hizo huzipenda. Tumbo na miguu havipendi kuguswa.

Kumwinua kusianzwe kabla ya juma la pili, tena kufanywe na mtu mzima au mtoto aliyefundishwa. Sungura asiinuliwe kwa masikio hata kidogo. Desturi hiyo ipo, lakini humwumiza sana. Mkono mmoja uwekwe chini ya kifua na wa pili ushike matako, na mara moja akumbatiwe kifuani. Matako yasipotegemezwa, sungura hupiga teke kwa nguvu, na nguvu hiyo yaweza kuuvunja uti wake mwenyewe wa mgongo, kwa kuwa mifupa yake ni myepesi na misuli ya miguu ni yenye nguvu nyingi. Watoto wadogo na waketi chini, kisha wapakatiwe sungura mapajani. Akiruka hapo hataanguka mbali.

CHAKULA KIBADILISHWE POLEPOLE

Sehemu kubwa ya chakula cha sungura na iwe majani makavu ya nyasi, yawepo mbele yake mchana na usiku. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, na kutafuna majani makavu ndiko kuyapunguzako. Tena nyuzi za majani hayo ndizo zisukumazo matumbo. Nyasi zilizokatwa zikauke vizuri, zisiwe na ukungu.

Chakula cha punje cha dukani, ikiwa walizoea kukila kwa muuzaji, kiendelee kwa kiasi kilekile juma la kwanza. Mfugaji akitaka kukibadilisha, achanganye kidogo cha kipya na kingi cha zamani, akizidisha siku hata siku, mpaka siku 7 au 10 ziishe. Majani mabichi nayo yaletwe hivyo hivyo, aina moja kwa wakati mmoja, jani moja au mawili, na kungoja siku nzima kuona kinyesi kabla ya kuongeza. Majani ya viazi vitamu ni mazuri, na vivyo hivyo kishona nguo kinachoota kila mahali shambani. Yaanikwe kivulini kwanza mpaka yanyauke kidogo, wala yasitolewe yakiwa na umande. Kabichi nyingi hujaza hewa tumboni. Karoti ina sukari, nayo ni kitu cha kuonjeshwa tu, wala si chakula cha kila siku, ingawa picha zote za vitabuni humwonyesha sungura akila karoti.

Majani ya mparachichi ni sumu, na pia majani ya viazi ulaya na ya nyanya. Majani yaliyopuliziwa dawa ya wadudu shambani, au yaliyokatwa kando ya barabara penye moshi wa magari, yaachwe kabisa.

Jambo moja huwashtua wafugaji wapya. Wakati mwingine sungura huonekana akiinama na kula kinyesi chake mwenyewe. Huo si ugonjwa wala njaa. Sungura hutoa vinyesi vya namna mbili: kimoja kikavu cha duara, na kingine laini cheusi kilichoshikamana kama kishada, ambacho hukila mara kikitoka, hasa usiku na alfajiri. Ndani yake mna vitamini na nguvu ambazo matumbo hayakuweza kuzipata mara ya kwanza. Ni kama ng'ombe anavyocheua. Akizuiwa, atakonda.

KUTOKA NJE KUCHEZA MAJANINI

Baada ya majuma mawili, ikiwa wanakula vizuri na kumjua mwenyewe, sungura waweza kutolewa wakacheze juu ya nyasi. Wasiachwe huru uani. Sungura mgeni asiyejua nyumba yake hatarudi. Yafaa kutengeneza uzio wa kuhamishika, wa fito na wavu wa waya, wenye urefu wa futi 8 na upana wa futi 4, uliofunikwa juu pia kwa sababu ya mwewe na paka. Wavu ukunjwe kwa ndani chini, yapata futi moja, wasichimbe wakatoka. Mababu zao walikuwa wachimbaji, nao hawajasahau kazi hiyo.

Siku ya kwanza nusu saa yatosha, umande ukiisha kukauka. Sanduku dogo lenye tundu liwekwe humo ndani, na upande mmoja uwe na kivuli. Mtu mmoja abaki karibu. Mara ya kwanza huenda wakabaki sandukuni muda wote. Mara ya tatu au ya nne mmoja ataruka juu, ajipinde hewani na kurusha miguu kando. Mtu asiyejua hudhani kwamba ameshikwa na kifafa. La, hiyo ndiyo furaha ya sungura, na ni alama iliyo wazi kwamba amekubali nyumba yake. Uzio uhamishwe kila mara, wasile majani yaliyochafuliwa na kinyesi chao.

DALILI ZA HATARI

Kila asubuhi mwenye sungura aangalie mambo matatu: chakula kimepungua? Kinyesi kipo, nacho ni kikavu na cha duara? Sungura wanatembea? Uchunguzi huo ni wa dakika mbili tu, nao huokoa wengi.

Sungura mchanga asiyekula wala kutoa kinyesi kwa muda wa saa 12 ni mgonjwa wa haraka. Vivyo hivyo anayeharisha, anayesaga meno kwa nguvu huku amejikunyata, au ambaye tumbo lake limevimba kama ngoma. Ugonjwa unaoua sungura wengi wa umri wa mwezi mmoja mpaka minne ni koksidia. Huletwa na vidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hutoka katika kinyesi na kuingia tena kinywani pamoja na chakula kilichochafuka. Sungura wengi huwa navyo bila kudhurika. Bali wakichoshwa na safari, hofu na njaa, mwili hushindwa kuvizuia. Ndiyo sababu ugonjwa huu hutokea mara nyingi katika majuma yaleyale ya kuhamia nyumba mpya. Kinga yake ni ukavu na usafi: kinyesi kiondolewe kila siku, majani ya chini yaliyolowa yabadilishwe, na chakula kiwekwe katika hori lililoinuliwa, kisitupwe sakafuni.

Mgonjwa apelekwe kwa daktari wa wanyama, au aitwe afisa wa mifugo wa mahali hapo. Dawa za watu asipewe. Dawa za jamii ya penisilini zikimezwa na sungura huua vidudu vyema vya matumboni mwake, naye hufa kwa dawa badala ya ugonjwa.

JAMBO LA MWISHO

Watoto wa sungura hukua upesi kuliko watu wanavyodhani. Wapatapo miezi mitatu yapasa watazamwe na mtu ajuaye kutofautisha dume na jike, na dume atengwe, hata ikiwa ni ndugu wa tumbo moja. Jike huchukua mimba siku 31 hivi, na mfugaji asiyejihadhari aweza kuamka asubuhi moja akakuta sungura wawili wamekuwa tisa. Madume wawili nao wakikomaa hupigana na kuumizana vibaya.

Katika Kenya ufugaji wa sungura umekuwa kwa muda mrefu kazi ya vijana. Vyama vya 4-K vilivyoanzishwa shuleni mwaka 1962, ambavyo jina lake maana yake ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, viliwafundisha watoto kulima na kufuga kwa mikono yao wenyewe. Mtoto aliyelea sungura wawili kwa uangalifu amejifunza kufika kwa wakati, kusafisha bila kuamriwa, na kutazama kiumbe kisichoweza kusema na kufahamu hali yake.

Na yule mtoto aliyetajwa mwanzoni, aliyezika sungura wake wawili kwa machozi, asikate tamaa. Alisafishe banda kwa maji ya moto, aliache likauke juani siku nyingi, azibe matundu na kutia mafuta katika makopo. Kisha awalete wengine, awape chakula walichokizoea, awafunike gunia, na usiku ule wa kwanza awaache peke yao kwa amani.